Gitaa la Chuma na Ubao Unaopinda

Ninyi mkaao Katumba mwaijua reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda. Habari yetu nayo yaanzia relini, ila ni reli ya mbali sana. Husimuliwa ya kwamba mnamo mwaka 1885, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, kijana aitwaye Joseph Kekuku alikuwa akitembea kando ya njia ya gari moshi na gitaa lake mkononi. Akaokota parafujo ya chuma, akaiteleza juu ya nyuzi, na gitaa likalia kwa sauti ya kuvuta, mfano wa mtu aimbaye. Huenda hadithi imepambwa, lakini ufundi ulikuwa wa kweli, na mwaka 1904 Kekuku aliondoka kwao akaupeleka Marekani.

Gitaa la namna hii halikumbatiwi kifuani. Hulazwa mbele ya mpigaji aliyeketi. Hapo wazee waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, ambao kwa ajili yao makazi ya Katumba yalianzishwa, wataikumbuka inanga. Inanga ni mti uliochongwa mfano wa sinia refu. Uzi mmoja, ambao zamani ulikuwa wa kano za ng'ombe, hupitishwa kwenda na kurudi katika meno ya ubao hata zipatikane nyuzi kama nane. Mwimbaji wake hunong'ona, kwani chombo chenyewe kina sauti ndogo. Tena, kwa kuwa uzi ni mmoja, ukikaza sehemu moja waweza kuiharibu jirani yake.

Sauti ndogo ililisumbua gitaa la Hawaii vilevile. Dawa yake ikapatikana mnamo mwaka 1932, lilipoanza kuuzwa gitaa la umeme la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker: la kulazwa, la alumini, lenye umbo la kikaango! Ikabaki shida nyingine. Kipande cha chuma ni kinyoofu, hakiwezi kupinda kama vidole. Basi mpigaji hufungwa na mpangilio wa nyuzi zake.

Ndipo ukaja ufundi wa pedali. Paul Bigsby, fundi wa mashine wa California aliyependa pikipiki, alitengeneza vyombo kimoja kimoja kwa kuagizwa, na mwaka 1948 akampa Speedy West gitaa la chuma lenye pedali. Miaka michache baadaye Bud Isaacs, katika wimbo wa Webb Pierce uliotoka mwaka 1954, alikanyaga pedali huku nyuzi zingali zikilia. Sauti fulani zikapanda, nyingine zikatulia mahali pake. Wapigaji wengi wakaanza kutafuta pedali.

Mtambo wenyewe si uchawi. Pedali huvuta ufito wa chuma, ufito huvuta wenzo mdogo chini ya ubao, na wenzo hukaza uzi mpaka uzuiliwe na skrubu kwenye sauti iliyokusudiwa. Mguu ukiondoka, uzi hurudi ulikotoka. Anayetaka kuliunda nyumbani aweza kuchonga wenzo kwa tupa, na spoki ya baisikeli yaweza kujaribiwa kuwa ufito. Vitu hivi havina fahari, lakini vyatosha kwa majaribio.

Penye hatari ni ubao. Nyuzi kumi zikikazwa huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 100. Ukikanyaga pedali nguvu huzidi, ubao hupinda kidogo usikoona kwa macho, na nyuzi ambazo hukuzigusa hushuka sauti. Wengi humaliza kazi, wakapaka na rangi, ndipo wakagundua. Mafundi wa Marekani walichagua mti mgumu wa mepo. Kwa fikira zangu, kwetu mninga uliokauka sawasawa ndio wa kujaribiwa kwanza. Kabla ya kuupiga msasa, ufunge uzi mmoja wa kuvutwa na mmoja wa kutulia, ukanyage, kisha usikilize ule uliotulia. Ukishuka, ongeza unene wa ubao au uutie mhimili wa chuma chini, nawe ujaribu tena.