Kompyuta Kuukuu, Mfumo Mpya: Historia ya Neno Lililokosekana

Mnamo Novemba 2025 tuliletewa na ofisi moja orodha ya vifaa vya kuondolewa, ili tuikague lugha yake kabla haijapelekwa kwa wakubwa. Katika orodha hiyo zilikuwamo kompyuta za mezani 11, na mbele ya kila moja limeandikwa neno moja tu: chakavu. Tulipouliza zina kasoro gani, tuliambiwa kwamba hazina kasoro. Hata barua iliyoambatana na orodha ilikuwa imepigwa chapa kwa mojawapo ya kompyuta hizo. Uchakavu wake, tulielezwa, ni kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea marekebisho mfumo endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mfumo unaoufuata, yaani Windows 11, unazikataa mashine hizo.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ya kusahihisha tahajia. Lakini ilitubidi tujiulize kama neno lenyewe ni la kweli, kwa kuwa kitu kikishaandikwa chakavu katika karatasi ya Serikali au ya shirika, hakirudi tena kazini.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya vitu vilivyopitwa na umri. Nguo kuukuu ni nguo iliyovaliwa sana, lakini mwenyewe angali akiivaa. Chakavu ni kile kilicholika kwa matumizi hata kikakaribia kutofaa. Mti mkongwe au nyumba kongwe hutajwa kwa heshima, na uzee wake si aibu. Kibovu ni kilichoharibika, kiwe kipya au cha zamani. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Maneno yote haya hueleza hali ya kitu chenyewe. Hakuna hata moja linaloeleza kitu kilicho kizima, ila aliyekitengeneza amekipa kisogo. Pengo hilo ndilo lililojazwa na neno chakavu, na ndilo linalotupeleka katika historia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kompyuta za Macintosh za kampuni ya Apple ya Marekani. Macintosh ya kwanza ilitolewa tarehe 24 Januari 1984, ikiwa na prosesa ya Motorola 68000. Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, kampuni ilihamia prosesa za aina nyingine kabisa, ziitwazo PowerPC. Mashine za awali hazikuachwa siku hiyo hiyo. Ziliendelea kupewa mifumo mipya hadi 1998, toleo la Mac OS 8.5 lilipotoka kwa ajili ya PowerPC peke yake. Hapo palikuwa na sababu ya kiufundi ambayo mtu yeyote angeweza kuielewa: lugha ya prosesa moja si lugha ya nyingine.

Mambo yalibadilika tarehe 24 Machi 2001, ulipotolewa Mac OS X. Mfumo huu ulikuwa mpya kuanzia msingi wake, na masharti yake yalisema kwamba mashine iwe na prosesa ya PowerPC G3 na kumbukumbu isiyopungua megabaiti 128. Sasa tuitazame Power Macintosh 9600, ambayo ilitolewa mwaka 1997. Ilikuwa mashine ya wachapaji na watengenezaji wa picha, yenye nafasi 12 za kuongezea kumbukumbu na nafasi sita za kadi. Prosesa yake haikugandishwa kwenye bodi kuu, bali ilikaa juu ya kadi yake yenyewe, ambayo mwenye mashine angeweza kuichomoa na kuipachika nyingine. Wengi walifanya hivyo. Walinunua kadi za G3, na baadaye za G4, wakazipachika. Kwa hiyo mashine ilikuwa na prosesa inayotakiwa na kumbukumbu inayotakiwa, na mara nyingi zaidi ya inayotakiwa. Hata hivyo ilikataliwa, kwa kuwa haikuwa katika orodha.

Ni haki kusema kwamba kampuni nayo ilikuwa na hoja yake. Tangu iMac ya 1998, Apple ilibadilisha jinsi mashine zake zinavyoamka, na watu wa fani wakaziita za zamani mashine za Ulimwengu wa Kale, na mpya za Ulimwengu Mpya. Kuujaribu mfumo juu ya kila mashine ya kale ni gharama, na hakuna mteja anayeilipa gharama hiyo waziwazi. Lakini gharama ya mtengenezaji ni jambo moja, na uwezo wa mashine ni jambo jingine.

Aliyethibitisha tofauti hiyo hakuwa kampuni. Apple ilikuwa imeuweka wazi msimbo wa kiini cha mfumo wake, chini ya jina la Darwin, hata mtu yeyote akaweza kuusoma na kuurekebisha. Kutokana na uwazi huo ilitokea programu iitwayo XPostFacto. Ilivitia ndani ya mfumo mpya vipande vilivyokosekana, vile vya kuzungumza na bodi na diski za mashine za Ulimwengu wa Kale. Tatizo jingine lilikuwa kwamba programu anzishi ya mashine hizo, ile inayoamka kwanza umeme unapowashwa, haikuweza kuusoma mfumo kutoka katika kila diski. Dawa yake ilikuwa ya kifundi hasa: kiini cha mfumo kilinakiliwa katika diski ndogo ambayo mashine inaiweza, ikaamkia hapo, kisha ikahamia diski kubwa kuendelea na safari. Kwa njia hii mashine zilizokataliwa mwaka 2001 ziliweza kuendesha hata toleo la 10.4, lililotoka Aprili 2005.

Neno kiraka, ambalo wataalamu wetu wamelikubali kwa marekebisho ya programu, linafaa hapa, ingawa sisi tungependelea mfano wa pwani. Fundi anayekalafati jahazi habandiki kitu juu ya ubao. Hushindilia pamba na mafuta katika nyufa mpaka chombo kishike maji upya. Kazi ya XPostFacto ilifanana zaidi na kalafati kuliko na kiraka. Hatupendekezi istilahi ibadilishwe kwa ajili hiyo.

Kisa cha mwaka 2007 kinachekesha na kufundisha kwa pamoja. Toleo la 10.5 lilipotoka Oktoba mwaka huo, lilidai prosesa ya G4 yenye kasi isiyopungua megahezi 867. Katika Power Mac G4 zilizotolewa Julai 2001, ile iliyokuwa na prosesa moja ya megahezi 867 ilikubaliwa. Ile iliyokuwa na prosesa mbili za megahezi 800 kila moja, ambayo ndiyo iliyokuwa ghali zaidi, ilikataliwa. Programu ya kusimika mfumo ilikuwa inasoma tarakimu moja tu. Basi watumiaji wakabuni njia ya kuiagiza programu anzishi itaje 867 badala ya 800. Mashine iliambiwa iseme uongo juu ya kasi yake, ikasema, mlango ukafunguka, na baada ya kuingia ilifanya kazi bila matata. Hakuna kilichobadilika ndani yake isipokuwa jibu lake kwa bawabu.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Toleo la 10.6 la mwaka 2009 lilikuwa la prosesa za Intel peke yake. Kuanzia Novemba 2020 Apple iliziacha Intel nazo kwa kutumia prosesa zake yenyewe, na Juni 2025 ikatangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel. Kila safari wapo waliozishughulikia mashine zilizoachwa. Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni OpenCore Legacy Patcher. Upande wa Microsoft, Windows 11 ya Oktoba 2021 hudai kijisehemu cha usalama kinachotunza funguo za siri, na kwa upande wa Intel hudai, kwa jumla, prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Hapa sharti si la kasi tu. Mashine isiyopata marekebisho, ikiunganishwa na intaneti, hubaki na nyufa ambazo wezi wanazijua, na afisa anayetunza mishahara au taarifa za wagonjwa hana ruhusa ya kulipuuza jambo hilo. Lakini mashine hiyo hiyo inaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao unatolewa bure na unapewa marekebisho mapya.

Nchini Tanzania shauri hili lina historia yake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa katika kazi hizo za hesabu, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilipokuja kuenea, zilikuja kwa wingi kutoka nje zikiwa zimekwisha kutumika, na umma ukaziita mitumba bila kutushauri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na ililazimu istilahi nyingi ziundwe kwa ajili ya kuhifadhi, kufuta, kuchapa na mengineyo. Kwa chombo chenyewe tunayo majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na wasemaji wake wangali wakibishana. Kwa hali ya kuachwa na mtengenezaji hatuna hata moja lililokubaliwa.

Katika majadiliano yetu palitolewa mapendekezo kadhaa. La kwanza lilikuwa kompyuta isiyosaidiwa. Tulilikataa, maana msaada kwa Kiswahili hupewa mwenye shida, na msomaji angedhani kompyuta ndiyo yenye shida. Mzee mmoja katika kikao alipendekeza kompyuta mtalaka. Tulicheka, lakini hoja yake haikuwa ya mzaha: talaka hutolewa na upande mmoja, na aliyepewa anaweza kuwa mzima wa afya na kuolewa kwingine. Tulilikataa kwa sababu ya adabu tu. Hatimaye tulikubaliana juu ya neno matunzo. Kompyuta iliyokoma kutunzwa na mtengenezaji ni kompyuta isiyo na matunzo, na kipindi chake cha kupewa marekebisho ni muda wa matunzo. Neno hili linamtaja anayeacha na haliamui kama kitu kinafaa.

Katika orodha tuliyoletewa tulilifuta neno chakavu mara 11, na mahali pake tukaandika: haina matunzo tangu 14 Oktoba 2025, inafanya kazi. Orodha ilirudishwa kwetu baada ya wiki mbili, ikiwa na maelezo kwamba safu ya hali ya kifaa katika fomu ina nafasi ya neno moja. Wakati huo huo tulisikia kwamba kijana mmoja fundi wa ofisi hiyo alikwisha kuziwekea Linux kompyuta mbili kati ya zile, na masjala inazitumia. Tumeandika barua kuomba safu hiyo ipanuliwe, na tunangoja jibu.