Mashini pepe ikibloke: angalia kwanza ile inayoibeba

Serveri moja inaweza kubeba kazi ya kompyuta tano ao kumi. Ndani yake fundi anatengeneza mashini pepe: kompyuta zisizoonekana kwa macho, kila moja iko na mfumo wake, diski yake na kadi yake ya rezo. Kwa redio, moja inaweza kutoa muziki na matangazo, ingine inatunza sauti za zamani, ingine inabeba tovuti. Faida ni kubwa, juu unanunua mashini moja tu. Hatari nayo iko: mashini ya chini ikishikwa na shida, zote za juu zinashikwa pamoja, na redio inanyamaza hewani.

Mara nyingi fundi anaanza kutibu mashini pepe yenyewe. Anaizimisha, anaiwasha, mwisho anaweka mfumo upya. Kisha siku mbili, inabloke tena. Basi, namna gani kujua ugonjwa uko wapi?

Mwenyeji na mgeni

Mashini ya kweli tuiite mwenyeji. Mashini pepe tuiite mgeni. Kwa Linux, kazi ya kupokea wageni inafanywa na KVM, iliyoingizwa katika kerneli 2.6.20 mwaka 2007. Kerneli ni kiini cha mfumo: ndiyo inagawa muda wa prosesa, kumbukumbu na diski. Ili kusemezana na kila kifaa, inatumia draiva, wengine wanaita piloti.

Kwa kawaida mgeni hagusi diski ya kweli. Akitaka kuandika kitu, ombi lake linapita kwa mwenyeji, na draiva ya mwenyeji ndiyo inalifikisha. Draiva ikikwama, mgeni anangoja. Yeye hana kosa; anangoja tu jibu ambalo haliji.

Maulizo manne ya kuanza nayo

1. Ni mgeni mmoja ao ni wote? Kama wote wanabloke kwa dakika moja, shaka inaenda kwa mwenyeji. Kama ni mmoja tu, anza na yeye.

2. Mwenyeji anawaka tangu lini? Andika amri uptime. Kama inaonyesha dakika chache, mashini ilizimika na kuwaka tena, labda umeme ulikatika. Kama inaonyesha siku nyingi, umeme haukumzimisha mwenyeji.

3. Kitu gani kilibadilika? Kerneli mpya, kadi mpya, diski mpya: andika tarehe na ulinganishe na siku shida ilianza.

4. Muda unapotea wapi? Ndani ya mgeni wa Linux, fungua top. Namba ya st ikipanda, mgeni yuko tayari kufanya kazi lakini mwenyeji hamupe prosesa. Namba ya wa ikipanda, anangoja diski.

Soma jurnali ya kerneli

Usikimbilie kuzimisha. Kwa mwenyeji, andika dmesg -T ao journalctl -k. Kama mashini imekwisha kuwashwa upya, journalctl -k -b -1 inaonyesha jurnali ya mara iliyopita, lakini ni kama inatunzwa kwa diski, katika /var/log/journal. Tafuta maneno haya:

"soft lockup": kwa kawaida, prosesa imeshikwa ndani ya kerneli kwa zaidi ya sekunde 20. Ukiyasoma kwa mgeni, mara nyingi maana yake ni kwamba mwenyeji hakumupa muda. Ukiyasoma kwa mwenyeji, angalia mistari ya "Call Trace" chini yake: jina la draiva linaweza kuonekana pale.

"blocked for more than 120 seconds": kazi fulani inangoja, mara nyingi diski. Amri ps inaionyesha kwa herufi D. Kazi ya namna hiyo, hata kill -9 inaweza kushindwa kuiondoa.

"nvme" pamoja na "timeout" ao "controller is down": diski ya NVMe haijibu. Kwa kawaida draiva inangoja sekunde 30 mbele ya kuchukua hatua, na wageni wote wa diski ile wanangoja pamoja nayo.

"Detected Hardware Unit Hang": ni draiva e1000e ya kadi za rezo za Intel. Hapa mgeni anaweza kuwa mzima kabisa. Njia tu ndiyo imefungwa. Mufungue kwa skrini ya mwenyeji, utakuta anafanya kazi. Lakini kama diski yake iko kwa serveri ingine kupitia rezo ile ile, naye atabloke.

Linganisha saa ya ujumbe na saa ya kubloke. Usiamini sana saa ya mgeni, inaweza kuchelewa. Tumia ya simu yako.

Kutengeneza

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Kama shida ilianza kisha kerneli mpya, chagua ile ya zamani katika orodha ya GRUB wakati wa kuwasha. Ikikaa sawa kwa siku kadhaa, umepata jibu kubwa.

Kwa e1000e, wengi wanasaidika na ethtool -K eno1 tso off gso off. Weka jina la kadi yako pahali pa eno1. Amri hii inapotea mashini ikizimishwa. Kwa NVMe, ongeza nvme_core.default_ps_max_latency_us=0 kwa mstari wa kuwasha kerneli, ili diski isilale usingizi mzito.

Lakini angalisho: diski inayokufa ao kadi isiyoshikama vizuri inatoa ujumbe ule ule. Mbele ya kulaumu draiva, pima diski kwa smartctl, na kopya kwanza kazi zako. Kama uko na serveri ya pili, hamisha mgeni kule. Akipona bila kubadilishwa kitu, ugonjwa haukuwa wake.

Na kama redio imenyamaza na lazima kuzimisha mara moja, tunza jurnali kwanza kwa flashi, si kwa diski iliyokwama. Kama amri hazijibu tena, piga picha ya skrini kwa simu. Bila mistari ile, kesho fundi ataanza tena kwa kubahatisha.