Jibini ya Masisi, maziwa yaliyoshinda tope

Ukitoka Goma na kupita Sake, barabara inaliacha Ziwa Kivu na kupanda kuelekea Mushaki. Joto linabaki chini. Juu, zaidi ya mita 2,000, milima ni kijani mwaka mzima, na ng'ombe wanakula nyasi kwenye miteremko mikali ambako mgeni angeogopa kutembea. Huko ndiko inakotoka jibini inayojulikana Kongo nzima: kipande cha mviringo cha rangi ya manjano hafifu, chenye ladha laini inayokaribia ile ya Gouda ya Uholanzi.

Malisho hayo yanaonekana kama yamekuwepo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Yalikuwa misitu na mashamba ya Wahunde chini ya bami, machifu wao. Mwaka 1928 serikali ya Kibelgiji iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyogawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Wakapanda kahawa, chai na pareto. Mikono ya kuvuna ilitafutwa Rwanda: kati ya 1937 na 1955, mpango wa uhamisho uliojulikana kama MIB uliwaleta makumi ya maelfu ya watu kwenye milima hiyo. Kuanzia 1959 wakaja wengine, wakimbizi wa misukosuko ya Rwanda.

Kisha ikaja Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kuwa mali za wageni zitakuwa za Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, na mashamba makubwa yakaangukia kwa waliokuwa karibu na utawala. Wengi wao waling'oa mimea wakaacha nyasi zitawale, kwa kuwa ng'ombe hahitaji vibarua wengi na mifugo inaonyesha kwamba ardhi ina mwenyewe. Mkulima mdogo aliyelima pembezoni alijikuta nje ya uzio. Mtu hawezi kuisimulia jibini hii kwa haki akiruka ukurasa huo.

Maziwa yakawa mengi, lakini njia ya kuyafikisha sokoni ilikuwa mbaya. Mvua ikinyesha, gari hukwama kwenye tope na maziwa huchacha kabla ya kuuona mji. Katika miaka hiyo ya 1970 mapadre Wakatoliki wa Kibelgiji walianza kuwafundisha wenyeji kutengeneza jibini, na ufundi ukashika mizizi, hasa upande wa Ngungu.

Kazi yenyewe haihitaji umeme. Maziwa hubebwa asubuhi kwa vidumu, kichwani au mgongoni, hadi kwenye nyumba ya jibini. Huchujwa, hupashwa moto wa kuni kidogo tu, kisha hutiwa kigandishi. Yakishaganda hukatwakatwa ili maji yatoke. Mabonge hutiwa kwenye kalibu, hukandamizwa, huloweshwa katika maji ya chumvi na kupangwa kwenye mbao. Huko hugeuzwa mara kwa mara mpaka ganda ligumu lijitengeneze. Kilo moja hula takribani lita kumi za maziwa. Baridi ya mlimani ndiyo jokofu.

Wapenzi wa divai watakumbuka Clos de Vougeot, shamba la mizabibu la Bourgogne, Ufaransa, lililoanzishwa na watawa wa Cîteaux katika karne ya 12. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya, na leo limegawanywa kati ya wamiliki wapatao themanini. Divai inaendelea kubeba jina la mahali, kama jibini ya Masisi. Watawa wa ukoo huohuo wa kiroho, Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walifungua monasteri yao Mokoto, Masisi, mwaka 1954. Mei 1996 watu waliokimbilia humo walishambuliwa na wengi wakauawa.

Msiba huo ulikuwa umeanza mbali kidogo. Machi 1993, mauaji yalizuka soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, yakaenea Masisi kwa siku chache. Mifugo iliibiwa na kuchinjwa; vita vya 1996 vikamalizia karibu kila kilichobaki. Wafugaji walipoanza upya miaka ya 2000, walianza na ng'ombe wachache mno, na jibini ikarudi kwa sababu wazee waliojua kuitengeneza walikuwa bado wapo.

Walikale yenyewe ni nchi nyingine. Ukishuka magharibi, malisho yanakwisha, msitu unafunga, na watu wanaishi kwa muhogo, mawese na mawe ya kasiteriti, madini ya bati. Madini ya mgodi wa Bisie yalibebwa mgongoni msituni, kisha ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyachukua. Jibini ya Masisi haijapata kutumiwa ndege barabarani. Inashuka kwa pikipiki, kwa lori na kwa miguu hadi Goma, na kutoka hapo ilikuwa ikipanda ndege kwenda Kinshasa.

Mwanzoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, tarehe 27 wakaingia Goma, na Machi wakafika Walikale, wakaondoka wiki chache baadaye. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Jibini iliyozoea kusafirishwa Kinshasa kwa saa chache ilibaki na soko la Goma, mji ambao benki zake nazo zilikuwa zimefunga milango.