Kanumba, Steven: mwigizaji, na njia yake hadi Ufipa

Steven Charles Kanumba (8 Januari 1984 – 7 Aprili 2012) alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu wa Tanzania. Alizaliwa Shinyanga, akapata jina Dar es Salaam, akafariki akiwa na miaka 28. Mengi yaliyoandikwa juu yake ni habari za mjini: Sinza, Kinondoni, zulia jekundu, safari za Nigeria. Makala hii inamtazama pia kutoka Sumbawanga, mji wa Ufipa, kwa kuwa ukubwa wa mwigizaji hupimwa vizuri zaidi pale ambapo yeye mwenyewe hayupo, na watu wanamfahamu kwa kazi yake tu.

Kanumba aliingia katika sanaa kwa mlango wa vikundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi lililokuwa likirusha tamthilia zake katika kituo cha ITV. Jahazi, Dira, Tufani na Gharika ni baadhi ya tamthilia alizoonekana humo. Kaole ilikuwa shule kwa maana kamili ya neno hilo. Ndiko walikopita Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, na Blandina Chagula, anayejulikana kama Johari. Kundi lilimfundisha mwigizaji kusubiri zamu yake, kumsikiliza mwenzake na kuibeba sauti hadi nyuma ya hadhira. Kwa Kanumba malezi hayo hayakupotea hata alipohamia kwenye kamera: alisimama wima, alitamka neno hadi mwisho wake, na alijua kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtenga na wengi wa rika lake waliodhani kuigiza ni kupaza sauti.

Jina lake lilivuka mipaka mwaka 2006 kwa Dar 2 Lagos, filamu ya mtayarishaji Mtitu Game iliyowakutanisha waigizaji wa Tanzania na wa Nigeria. Baadaye zilifuata She Is My Sister, Oprah, Uncle JJ, This Is It na Devil Kingdom, ambayo aliigiza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, na jina la The Great likamganda. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni katika shindano la Big Brother Africa. Aliporudi, Kiingereza chake kilichekwa sana nyumbani. Ilikuwa dhihaka isiyo na haki, kwani mtu huyu alikuwa amejenga kazi yake yote juu ya Kiswahili fasaha, na Kiswahili hicho ndicho kilichomfikisha mahali ambapo Kiingereza cha wachekaji wake kisingefika kamwe.

Ufipa ni mfano wa mahali hapo. Ni uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai huko huwarudisha watu ndani mapema. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma, na wakati Kanumba akiwa katika kilele chake, kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga kupitia Laela kilikuwa bado hakijakamilika kuwekwa lami: vumbi kiangazi, tope masika. Umeme wa Sumbawanga haukutoka katika gridi ya taifa, ulinunuliwa kutoka Zambia. Vijijini walitegemea jenereta na, baadaye, sola.

Diski zilipanda basi kama bidhaa nyingine za Kariakoo. Kampuni ya Steps Entertainment ndiyo iliyokuwa na nguvu kubwa katika usambazaji, na filamu moja kwa kawaida iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake. Nyuma yake zilifuata nakala za kuchoma, ambazo msanii hakupata hata senti kwazo. Mwenye deki na runinga alifungua kibanda cha video, maarufu kama kibanda umiza, akapanga mabenchi na kutoza kiingilio kidogo.

Kabla ya hapo vibanda vya namna hiyo, nchi nzima, viliishi kwa filamu za Marekani, Hong Kong na India zilizotafsiriwa na wasimulizi kama DJ Lufufu, ambaye sauti yake ilipita juu ya sauti za waigizaji. Kanumba hakuhitaji msimulizi. Majina ya filamu zake yalikuwa ya Kiingereza, lakini mtu alimtambua kwa sura kwenye jalada, na diski ikianza kuzunguka alisikia Kiswahili kile kile cha sokoni, shuleni na kanisani.

Hadhira ya Ufipa, isitoshe, si ya kubezwa katika mambo ya masimulizi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alivutiwa na sanaa ya kusema ya Wafipa kiasi cha kuitolea kitabu kizima mwaka 1978, There Was a Certain Man. Watu waliolelewa na hadithi za jioni humjua msimulizi anayewaharakisha.

Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa kuwa agizo: tupa uchawi. Watu wa mbali wamelifanya mzaha wa kishirikina, na filamu nyingi za Kibongo zimeishi kwa mapembe na majini. Kanumba naye aligusa mambo ya giza katika Devil Kingdom. Hata hivyo kazi zake nzuri zaidi ni za sebuleni: ndoa inayoyumba, ndugu waliopotezana, mjomba anayezidiwa na watoto katika Uncle JJ. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha kipaji chake wazi kuliko zote, maana kuigiza na watoto humvua mtu mbwembwe.

Alifariki nyumbani kwake Sinza usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka. Huko Ufipa, nchi yenye Wakatoliki wengi tangu enzi za wamisionari wa White Fathers waliofika Karema mwaka 1885, ilikuwa siku ya kujiandaa kwa mkesha. Aliagwa viwanja vya Leaders tarehe 10 Aprili mbele ya maelfu ya watu, akiwemo Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal, na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alishitakiwa kwa kifo hicho, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili.

Filamu yake ya Love & Power ilitoka baada ya kifo chake. Ilipita njia ile ile: Kariakoo, Mbeya, Tunduma, kisha kupanda uwandani.