Kipoyi: mabega yaliyofanya kazi ya gari

Ndugu wanachama, tangu boti za kwanza zitutoe Kigoma na kutushusha Baraka, Oktoba 2005, kuna swali ambalo halituachi. Mama akishikwa na uchungu usiku, kule mlimani ambako hata pikipiki haipandi, nani atamteremsha? Kambini tulizoea gari la hospitali, hata kama lilichelewa. Huku jibu ni la wazee wetu: kipoyi.

Neno hili lina historia chungu. Wakati wa Wabelgiji, tipoyi ilikuwa kiti kilichofungwa kwenye miti mirefu. Mzungu wa serikali alikaa juu, wanaume wakambeba mabegani kwa kupokezana, mlima na bonde, na mara nyingi hakuna aliyewauliza kama wanataka. Barabara zilipolimwa, nazo kwa kazi ya lazima, magari yaliingia na kile kiti kikapungua. Miti na mabega vilibaki. Leo ukisema kipoyi huku Kivu, mtu anafikiri mgonjwa, hafikirii bwana mkubwa.

Kumbeba mgonjwa hatukufundishwa na Wabelgiji. Warundi na Wanyarwanda wana ingobyi yao, machela ya kusuka, tangu zamani. Ila waliotengeneza sheria za kazi hii vizuri kabisa, kwa maoni yetu, ni majirani wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Wao wanaiita engozi. Kila nyumba inaandikwa kwenye chama cha machela. Mtu akiugua, wanaume wanaitwa, wanambeba mpaka hospitali, na akifa wanarudisha maiti nyumbani. Asiyefika kubeba analipa faini. Asiye mwanachama, siku yake ikifika, anatafuta mabega mwenyewe.

Hapo ndipo penye nguvu ya engozi, na hapo ndipo penye ugumu wake. Hakuna anayebeba kwa huruma tu. Unabeba leo kwa sababu kesho utabebwa, na jirani wote wanajua nani alikuja na nani alijificha. Kwa hiyo chama kinadumu bila mshahara na bila mafuta. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima ya afya kwa kupitia vyama hivyohivyo: watu waliokuwa tayari wanahesabiana kwa ajili ya machela wakaanza kuchanga pamoja kwa ajili ya matibabu. Hospitali haikuhitaji kuunda kikundi kipya, kilikuwepo.

Mabega yana mpaka wake, hilo tuliliona karibu na kwetu. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika, wengine walikuwa wamejazana ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230. Askari wa Umoja wa Mataifa walileta helikopta kuchukua majeruhi, na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakabaki na kazi ya kuokota maiti. Moto wa petroli haungoji watu waitane kwa filimbi. Mtu aliyeungua naye anahitaji daktari haraka, kipoyi kinamfikisha barabarani tu.

Lakini kufika barabarani si jambo dogo, na hapa tunarudi kwetu. Tuliporudi, tulikuta majirani wamebebana miaka yote ya vita, wakati sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa. Deni lao wanalijua wao kwa wao. Sisi hatumo. Mwanachama wetu mgonjwa akiambiwa "nyinyi hamkubeba watu wetu," hiyo si chuki, ndiyo hesabu ya kipoyi ilivyo. Tukianzisha kipoyi cha waliorudi peke yao, tutakuwa tumekata kijiji vipande viwili, na wanaume wetu hawatoshi hata zamu moja ya usiku.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo kwenye kikao kijacho: kila nyumba yetu itoe mwanaume mmoja kwenye zamu za kijiji, tuanze kwa kubeba wagonjwa wao, na kutoka sanduku letu tununue turubai, kamba na taa mbili za kichwani, vitu vikae kwa chefu wa kijiji. Wasio na mwanaume nyumbani, wajane hasa, wachangie chakula cha wabebaji. Njooni na majina.