Sokwe wa Moheri na Mwambao wa Rumonge

Mkusanyaji wa wanyama wa kuchezea wa zamani akimpata sokwe wa Steiff, kitu cha kwanza ni kumkagua sikio. Anatafuta kifungo kidogo cha chuma. Kikiwa na picha ya tembo, mnyama huyo ni wa 1904 au 1905. Kikiwa na jina la kiwanda, na herufi F ya mwisho imeuburuta mkia wake kurudi chini ya jina, basi ni wa miongo iliyofuata, hadi karibu 1950. Kipande cha kitambaa kilichobanwa na kifungo nacho husema umri: cheupe hadi 1926, chekundu hadi 1934, baada ya hapo cha njano. Halafu humminya tumbo. Likikwaruza kama majani makavu, ndani mna nyuzi nyembamba za mbao, kijazio cha zamani. Mwisho hufunua manyoya kwenye kiungo cha bega, mahali ambapo jua halikufika, aone rangi aliyozaliwa nayo.

Kiwanda hicho ni cha mji wa Giengen, kusini mwa Ujerumani. Margarete Steiff, aliyezaliwa 1847, alipooza miguu kwa polio angali mtoto, akajifunza kushona akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini. Watoto wakamchukua wakamfanya mchezo, na biashara ikaanzia hapo. Mpwa wake Richard, aliyekuwa akichora wanyama katika bustani ya wanyama ya Stuttgart, aliingia kazini 1897. Mwaka 1902 akabuni dubu mwenye mikono, miguu na kichwa vinavyozunguka, akamvika manyoya ya moheri. Mwaka uliofuata mnunuzi kutoka Marekani aliagiza dubu 3,000 kwenye maonyesho ya Leipzig, na kufikia 1907 kiwanda kilikuwa kinatoa karibu dubu milioni moja kwa mwaka.

Mwaka huohuo wa 1897, Richard alipoingia kazini, Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac ukaingizwa katika koloni lao. Sidai kwamba sokwe wa Giengen alichorwa kwa kumtazama sokwe wa misitu iliyo juu ya Rumonge. Lakini mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Himaya ilileta wanyama hai Ulaya. Wafanyabiashara kama Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani yake karibu na Hamburg mwaka 1907, waliwauza na kuwaonyesha. Na aliyetaka kumchora kiboko aliweza kumkuta huko. Ndivyo mnyama wa Afrika alivyofika kitandani kwa mtoto wa Kijerumani. Sokwe aitwaye Jocko, mwenye uso na viganja vya felti, aliendelea kutengenezwa miongo mingi. Miaka ya 1950 wakafuata Mocky kiboko, Nosy kifaru na Gaty mamba.

Huyo Gaty ananishughulisha kuliko wenzake. Ni wa moheri iliyopuliziwa rangi, na miiba ya mgongoni imekatwa kwa felti, laini kabisa. Mtoto angeweza kulala naye. Mwambao wa Rumonge ulikuwa na mamba wake, na jina lake linajulikana dunia nzima: Gustave, aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Alikadiriwa kuwa na urefu wa mita 6 hivi, akizunguka kati ya mdomo wa Ruzizi na fukwe za Minago na Rumonge. Mtego mkubwa wa chuma uliotengenezwa kwa ajili yake haukumnasa; filamu ya juhudi hizo ilionyeshwa 2004. Kwa mvuvi wa ndagala, mamba ni sababu ya kutoingia majini jioni, na kiboko ni sababu ya kutopita ufukweni usiku. Wanyama haohao, wakishonwa Giengen, walifundisha watoto wa mbali kuwapenda bila kuwaogopa.

Moheri yenyewe nayo ina safari yake Afrika. Ni nywele za mbuzi wa Angora, asili yake Uturuki. Mbuzi hao waliletwa Afrika Kusini mwaka 1838, na leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa moheri, Lesotho ikiifuata. Nywele hizo zinang'aa, hazivunjiki upesi, na hukubali rangi vizuri. Ndiyo maana mnyama wa miaka mia moja anaweza kuonekana kama wa jana. Adui yake ni nondo na unyevu, na mwambao wa ziwa una vyote viwili.

Hata dubu ana deni kwetu. Jina lake la Kimarekani, Teddy, lilitokana na Rais Theodore Roosevelt, aliyekataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti huko Mississippi mwaka 1902. Mwaka 1909 Roosevelt huyohuyo aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, na katika safari yao ya kuwinda Afrika Mashariki na Kati wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500.

Kuna sokwe mmoja wa kuchezea ambaye historia yake inafika kabisa kwenye ziwa letu. Mwaka 1935, London, baba mmoja alimnunulia binti yake, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo, sokwe mkubwa wa kushonwa. Marafiki wa familia walimwonya mama kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Sokwe aliitwa Jubilee, jina la mtoto wa sokwe aliyezaliwa mwaka huo katika bustani ya wanyama ya London. Binti ni Jane Goodall. Julai 1960 alishuka kwenye ufuko wa Gombe, kati ya Kigoma na mpaka wa Burundi, akaanza utafiti ambao ulibadilisha elimu ya sokwe. Alifariki Oktoba 2025, na Jubilee alikuwa bado yupo, manyoya yamemwisha kwa kukumbatiwa.

Kwa kanuni za mnada, sokwe aliyepukutika hivyo hana bei. Mwaka 1994 dubu wa Steiff aitwaye Teddy Girl aliuzwa London kwa pauni 110,000, na hata huyo bei yake ilipandishwa na hadithi ya mmiliki wake, Kanali Bob Henderson. Naona wakusanyaji wanakosea wanaposifu manyoya yasiyoguswa. Upara wa Jubilee ni ushahidi wa kazi aliyoifanya, na kazi hiyo ilifika Burundi: taasisi ya Goodall ilikuwa na kituo Bujumbura cha sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara na watu waliowafuga majumbani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1993, sokwe hao walihamishiwa Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya, wakawa wakazi wa kwanza wa hifadhi hiyo.

Na michezo ya watoto wa Rumonge wenyewe? Ng'ombe wa udongo, mpira wa majani ya migomba, gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko. Vyote hutumika mpaka vikaisha, kama alivyoisha Jubilee, ila vyetu havina kifungo sikioni wala orodha ya kiwanda. Makumbusho ya Gitega yapo tangu 1955. Ningependa kabati moja pale livipokee vitu hivi vikiwa na alama za vidole vya waliovitengeneza, na pembeni ya kila kimoja liandikwe jina la mtoto, kijiji chake na mwaka, kwa sababu hayo matatu ndiyo wakusanyaji wa Ulaya hulipa fedha nyingi kuyatafuta miaka themanini baadaye.