AFYA: Misuli ya tumbo iliyoachana baada ya uzazi, na upasuaji wa kuiunganisha

MIEZI minane baada ya kujifungua, mama anapanda matatu ya kuelekea Njoro na utingo, kwa nia njema kabisa, anamwomba abiria mwingine ampishe kiti kwa kuwa ni mjamzito. Hana mimba. Tumbo lake ndilo lililokataa kurudi.

Hali hii huwapata wanawake wengi kuliko wanaoitaja. Nyumbani huelezwa kwa maneno ya kuumiza: kwamba mama hakufungwa leso sawasawa wakati wa arobaini, au kwamba amezembea akanenepa. Katika visa vingi si mafuta wala uzembe. Ni misuli ya tumbo iliyoachana, hali ambayo madaktari huiita diastasi.

Tumbo la binadamu limekingwa kwa mbele na misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba kutoka chembe cha moyo hadi kwenye mfupa wa kinena. Katikati yake upo ukanda mweupe wa nyuzi ngumu unaoishikanisha, kama mshono unavyoshikanisha pande mbili za koti. Mimba inapokua, ukanda huo hulazimika kupanuka na kuwa mwembamba, na homoni za ujauzito huulegeza zaidi ili mtoto apate nafasi. Misuli yenyewe haichaniki. Husogezwa kando tu. Neno "kuchanika" litumiwalo na wengi si sahihi, na huwatia kina mama hofu isiyo na sababu.

Kuachana huko ni sehemu ya ujauzito wa kawaida. Linalotofautiana ni jinsi misuli inavyorudi. Watafiti wa Norway waliowafuatilia wanawake 300 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2016, waligundua kwamba wiki sita baada ya kujifungua asilimia 60 walikuwa na nafasi iliyo wazi kati ya misuli. Baada ya miezi sita walikuwa asilimia 45, na mwaka mmoja ulipotimia walikuwa asilimia 33. Wengi wao walikuwa na nafasi ndogo. Maana yake ni kwamba muda wenyewe ni tiba, na mwanamke anayekimbilia kisu mwezi wa tatu huenda anatibiwa jambo ambalo lingejirekebisha.

Utafiti huohuo una habari mbili zaidi zinazostahili kusomwa kwa makini katika eneo letu. Kwanza, wanawake waliokuwa na hali hii hawakulalamikia maumivu ya mgongo na nyonga kuliko wenzao, kwa hivyo si kila mgongo unaouma baada ya uzazi utalaumiwa kwa misuli ya tumbo. Pili, waliokuwa wakiinua vitu vizito mara 20 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo.

Mara 20 kwa wiki! Mwanamke wa Kuresoi au Mau Narok anayeteka maji kwa mtungi wa lita 20 huipita idadi hiyo kabla ya Alhamisi, na hapo hatujahesabu kuni wala viazi. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini lumbesa bado inajulikana sana, na anayesaidia kuipandisha mgongoni mwa punda au kwenye lori mara nyingi ni mama aliyemwacha mtoto mchanga kivulini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Kibarua wa kutwa aghalabu haionji.

Kujipima ni rahisi. Mama hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, kisha huinua kichwa na mabega kidogo kutoka kitandani huku akibonyeza kwa vidole katikati ya tumbo, juu ya kitovu na chini yake. Kingo mbili za misuli zitasikika zikikaza. Vidole viwili vikitosha kati yake, nafasi hiyo inakaribia sentimita 3. Vitatu au vinne vikipita, ni vyema kumwona mtaalamu. Wengine huona tumbo likiinuka katikati kama paa la nyumba wanapojaribu kuketi. Mwongozo wa Chama cha Ngiri cha Ulaya wa mwaka wa 2021 huihesabu nafasi inayozidi sentimita 2 kuwa ni kuachana, na hupendekeza mazoezi yatangulie upasuaji. Kipimo cha uhakika ni cha altrasaundi.

Hapa pana jambo ambalo halifai kuchanganywa. Kuachana kwa misuli si ngiri. Katika kuachana, ukanda umelegea lakini haujatoboka, na utumbo hauna pa kupenyea. Ngiri, au henia, ni tundu halisi, na hutokea sana kwenye kitovu au kwenye kovu la upasuaji wa awali. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Uvimbe wa kitovu ambao hapo awali ulikuwa ukirudi ndani, kisha ukawa mgumu, ukauma na mgonjwa akaanza kutapika, ni dharura: huenda utumbo umenaswa, na mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, si kesho yake.

Kwa asiye na ngiri, hatua ya kwanza ni fiziotherapia. Mazoezi yanayoanza nayo ni ya pumzi: kutoa pumzi huku ukivuta tumbo taratibu kuelekea mgongoni na kukaza misuli ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Yale ya kulala chali na kuinuka kwa kasi, yapendwayo sana katika kumbi za mazoezi, si ya kuanzia. Leso nayo haina hatia. Humshikilia mama na kumpa nafuu anapotembea, ila haiwezi peke yake kuivuta misuli ikaungana, na ikikazwa kupita kiasi huisukuma nyonga chini na kubana pumzi.

Upasuaji huwabakia wachache: wale ambao mwaka mmoja umepita, wamefanya mazoezi kwa uaminifu, na bado nafasi ni pana, tumbo halina nguvu, kazi za kawaida zinawashinda, au wana ngiri pamoja na ngozi iliyoning'inia. Madaktari huuliza pia maswali ambayo mgonjwa hakuyatarajia. Je, umemaliza kuzaa? Umemwachisha mtoto ziwa? Uzito wako umetulia? Unavuta sigara? Sukari na shinikizo la damu vimedhibitiwa? Si udadisi. Kila jibu linabadili uwezekano wa kidonda kupona na mshono kudumu.

Mbinu iliyozoeleka hukata ngozi chini ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine, mahali ambapo kovu litafichwa na nguo ya ndani. Ngozi na mafuta huinuliwa hadi karibu na mbavu, kitovu kikiachwa mahali pake. Kisha daktari hushona kingo za misuli zikutane, kuanzia chembe cha moyo hadi kinena, kwa nyuzi zisizoyeyuka au zinazoyeyuka polepole. Ngozi ya ziada hukatwa na kitovu hutolewa kupitia tundu jipya. Kukiwapo ngiri, huenda daktari akaweka wavu maalumu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Mgonjwa huwa katika nusukaputi, na kazi yote huchukua saa kadhaa. Ikiwa ngozi haikuzidi, misuli yaweza kushonwa kupitia matundu madogo kwa msaada wa kamera, pale penye vifaa na mjuzi wake.

Fani hii si changa. Howard Kelly wa Marekani alieleza upasuaji wa kuondoa tumbo lililoning'inia mwaka wa 1899, na Ivo Pitanguy wa Brazil alichapisha mwaka wa 1967 mbinu ya mkato wa chini ambayo madaktari wengi wanaifuata hadi leo.

Baadhi ya kina mama humwomba daktari aishone misuli siku ileile anapowazalisha kwa upasuaji, ili gharama iwe moja. Ombi hilo linaeleweka, lakini wakati huo ukanda bado umelegea na kuvimba, hivyo mshono hauna pa kushika vizuri, na hatari ya maambukizi huongezeka. Kujifungua kwa upasuaji, tukilisema pia hili, si chanzo cha tatizo. Daktari hutenganisha misuli apite katikati yake, na aliyezaa kwa njia ya kawaida huachana misuli vilevile.

Kwa mkazi wa Nakuru, Gilgil au Molo, pa kuanzia ni kliniki ya baada ya uzazi na idara ya fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wazee bado huiita PGH, ndiyo rufaa ya kwanza. Ngiri hutibiwa na madaktari wa upasuaji wa kawaida. Wale wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wengi wako Nairobi, kilomita zipatazo 160 kutoka Nakuru, na safari hiyo hurudiwa kwa ajili ya kukaguliwa kidonda. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mgonjwa athibitishe kwamba daktari na kituo chenyewe vimesajiliwa na Baraza la Madaktari, KMPDC. Mwaka wa 2024 baraza hilo lilifunga kliniki moja ya Nairobi baada ya kifo cha mwanamke aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa umbo hapo.

Malipo ndiyo sehemu chungu. Bima nyingi za kibinafsi huuweka upasuaji huu katika fungu la urembo na kukataa kuulipia. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutaka idhini kabla ya upasuaji, kwa hivyo barua ya daktari ieleze bayana kama kuna ngiri na kazi zipi zimemshinda mgonjwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kumwita mrembo mwanamke asiyeweza kuinua ndoo ni kejeli; hata hivyo, mwenye tumbo lililolegea bila dhiki yoyote hawezi kudai foleni moja naye.

Madhara yanayoweza kutokea ni majimaji kujikusanya chini ya ngozi, kutokwa damu, kidonda kuchelewa kupona, ganzi ya ngozi, na, lililo zito kuliko yote, damu kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kutembea mapema, hata akiwa ameinama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, arudi hospitalini bila kusubiri miadi.

Kwa takriban wiki sita hataruhusiwa kuinua kitu kizito. Mtungi wa maji ni kilo 20; mtoto wa mwaka mmoja hukaribia kilo 10. Kwa hiyo jambo la kupangwa mapema kuliko hata nauli ni nani atakayeteka maji, nani atakayekama, na nani atakayembeba mtoto. Mume anayesema "tutaona" hajajibu.

Akishika mimba tena baada ya upasuaji, haizuiwi, na hailazimu kujifungua kwa kisu. Ila mshono waweza kulegea, na mkunga aelezwe habari za upasuaji huo tangu kliniki ya kwanza.